Kimya Chetu Kilihesabiwa Ndiyo

Mama mdogo wangu anaanika dagaa Mwamgongo, kijiji cha kando ya Ziwa Tanganyika. Mvua ikiwakuta mchangani wanaoza, na kwake ndiyo basi. Kwa ajili ya watu kama yeye, mimi na wenzangu wa Gungu, mjini Kigoma, tulitengeneza programu: unapiga namba bure, sauti inakuambia upepo na mvua ya siku hiyo, kwa Kiswahili au kwa Kiha. Sauti ya Kiha ilikuwa yake mwenyewe. Nilimrekodi sebuleni kwangu, naye akigomba kwamba namharakisha. Wavuvi wa Kagunga walikuwa wakiiitikia "mwakeye" yake, salamu yetu ya asubuhi, kana kwamba yumo ndani ya simu.

Programu ilikuwa huria, msimbo wake wazi, yeyote ausome na aurekebishe. Tuliapa haitakuwa mali ya kampuni yoyote, tukaweka na kanuni. Tulizinakili kutoka miradi ya Ulaya kwa sababu zilionekana nzuri. Mojawapo ilisema kwamba pendekezo likiwekwa kwenye kundi letu la barua pepe, wiki ikapita bila mtu kupinga, limepita.

Hakuna aliyeshtuka. Sasa hebu fikiria, sisi Waha, na kanuni kama hiyo. Kwetu mtu akileta neno baya hapingwi usoni, hasa akiwa mgeni. Watu wananyamaza. Mmoja anakohoa, mwingine anauliza habari za mahindi, na mwenye neno lake anaelewa, anaondoka nalo. Kunyamaza ndiyo hapana yetu, tena hapana ya heshima.

Ikaja kampuni kutoka Dar. Mjumbe wao, mpole kweli, aliwaamkia wazee wote shikamoo, akala migebuka nasi, akasifia. Wakatupa seva zao bure, wakawaajiri wenzetu wawili waliokuwa wanaandika sehemu kubwa ya msimbo. Tukafurahi: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kisha likaja pendekezo kundini kwamba jina la mradi, namba ya simu na funguo za kila kitu viwe chini ya kampuni.

Tukanyamaza wote. Nilipita kwa mzee mmoja wa wavuvi, mwenzetu kundini, nikamuuliza kama ameliona. Akacheka. "Wameshajibiwa hao. Kimya kingi kina mshindo mkubwa." Nikarudi nyumbani nimeridhika kabisa. Wiki ikaisha, barua ikaja kutushukuru kwa kuliunga mkono kwa kauli moja.

Nilitukana kwa lugha zote ninazozijua. Nikampigia mmoja wa wale wawili walioajiriwa, Muha kama mimi.

"We hukujua kwamba tumekataa?"

"Nilijua, dada. Lakini kanuni tuliandika wenyewe, au siyo?"

Nikakata simu. Sijaongea naye tena, na sitaki.

Watu wa programu huria wana faraja yao: hamtaki, chukueni nakala ya msimbo mjitenge. Tukajitenga. Msimbo tunao, mzima kabisa. Lakini namba iliyo vichwani mwa watu wanayo wao, na taarifa za mvua zinapita kwenye seva zao. Nakala yetu ina sauti ya mama mdogo na haina la kusema.

Halafu, kwenye kundi lile la zamani ambalo bado tumo, likaja pendekezo la kuondoa Kiha, eti wasikilizaji wachache. Safari hii niliandika HAPANA, kwa herufi kubwa, na wenzangu wakaandika. Ila kampuni ilishabadilisha kanuni: kura siku hizi ni za wanaoandika msimbo, nao wote wako ofisi moja Dar. Tukajibiwa kwa adabu kwamba maoni yetu yamepokelewa.

Juzi asubuhi mama mdogo alinipigia. Amepiga namba ile, sauti ya mwanamke asiyemjua ikamtangazia bando kwa Kiswahili, kisha ikamwambia apakue programu mpya. Simu yake ni ya batani.

"Mwanangu, nianike nisianike?"

Nikaifungua hiyo programu mpya kwenye simu yangu. Mwamgongo haimo. Nikatoka nje, nikatazama mawingu ya Gungu kama mjinga. Zamani yeye alikuwa akisoma mlima, lakini siku hizi mvua haifuati mlima wala msimu.

"Sijui, mama," nikamwambia.

"Haya. Siwezi kuwaacha waozee kwenye ndoo. Naanika."

Mvua ilifika kabla ya adhuhuri, na hakunipigia tena.