Miezi Sita ya Bi Mdogo

Ukifika leo ofisini kwetu, kwenye usajili wa vizazi, dirisha namba tatu utamkuta binti mpole anayetabasamu hata na watu walioleta karatasi zilizoloa mvua. Wa zamani hayupo. Yuko nyuma, stoo ya mafaili, anapanga madaftari ya miaka ambayo wenyewe wengi wameshatangulia mbele ya haki. Alihamishwa kwa barua ya onyo, lakini hata bila barua angehama. Aliniambia hawezi tena kumtazama mzazi usoni akamuuliza tarehe. Mimi ni wa dirisha namba nne. Nimekaa ubavuni kwake miaka kumi na moja, na barua ya onyo nimepata pia, kwa sababu nitakayoisema.

Tulimwita Bwana Tarehe, na jina alilipenda. Alikuwa na kalamu tatu mfukoni na rula moja ya chuma, na kila mstari wa daftari aliuwekea rula kabla ya kuandika, kana kwamba ungemkimbia. Akija baba kusajili mtoto, swali la kwanza lilikuwa moja: "Kazaliwa lini?" Wanaume wengi hapo humgeukia mke. Yeye aliisubiri hiyo shingo igeuke. "Nimekuuliza wewe, mzee, usimtazame mwenzio. Tarehe ya fainali unaijua, ya mwanao huijui?" Foleni nzima inacheka, yule baba anabaki anakuna kisogo. Siku moja alikuja mama akiomba tarehe ya mwanawe isogezwe wiki mbili tu, apate kuanza shule na wenzake. Bwana Tarehe alimrudishia faili bila kulifungua. Yule mama alilia hadi getini. Sitajifanya mtakatifu: siku zile nilikuwa nacheka na mimi.

Hata mama mkwe wake hakusalimika. Alikuja kuchukua cheti cha mjukuu wa kwanza, akijua fika kwamba dirisha ni la mkwewe, akapita moja kwa moja mbele. "Mama, shikamoo," akamwambia, "foleni inaanzia kule mlangoni." Bibi wa watu akasimama kwa saa tatu nzima. Tangu siku hiyo, kila ukoo ulipokutana, alikuwa haachi kusema: "Mkwe wangu ana cheo kikubwa sana. Cha kunisimamisha mimi."

Basi bibi huyo alipokaribia kutimiza miaka sabini, watoto wake wakakubaliana kumpeleka matembezi ya siku saba kwenye meli ya watalii, yeye na kizazi chake chote, wajukuu wachanga kwa wakubwa. Majina yakaandikwa, kila mtu akaanza kutafuta kofia. Mwezi mmoja kabla ya safari yakaja masharti, pamoja na kudaiwa vyeti vya watoto. Sharti moja lilisema hapandi mtoto ambaye siku ya kupanda hajatimiza miezi sita, kwa sababu melini daktari ni mmoja na hospitali iko mbali.

Bwana Tarehe ana watoto wawili. Wa kwanza ana miaka miwili na nusu na wanamwita Tingatinga, maana akipita mahali lazima pasawazishwe upya. Wa pili ni wa kike, Bi Mdogo. Siku ya kupanda Bi Mdogo angekuwa na miezi minne na siku ishirini na sita. Hesabu hiyo Bwana Tarehe aliipiga kichwani kabla hajamaliza kusoma karatasi.

"Basi sisi tubaki," mkewe akasema. "Mama ataelewa."

Wakampigia mama, simu iko mezani, sauti imefunguliwa wote wasikie. Mama akasema, "Nilijua. Kwa mwanaume huyo hakuna kitu kinachowezekana." Hapo ndipo mambo yalipoharibikia. Mtu mzima, mwenye kalamu tatu, aliumia kama mtoto aliyenyang'anywa mpira. Alitaka siku moja tu na yeye awe mtu wa kuwezesha.

Kesho yake aliwahi ofisini kuliko mfagizi. Akachapa nakala ya cheti cha Bi Mdogo: tarehe tatu mwezi wa pili. Nakala kwetu husainiwa na makarani wawili. Aliichomeka katikati ya nyingine kumi, akanisogezea, nami nikasaini zote huku nabishana na mhudumu juu ya sukari kwenye chai. Sikusoma. Ungesoma wewe, za Bwana Tarehe? Alijifariji kwamba daftari lenyewe hajaligusa, hiyo ni karatasi tu, akirudi ataichana. Kwa mkewe alisema, "Nimeongea na wenye meli, wamekubali." Kadi ya kliniki, ile yenye chanjo na uzito na tarehe ya kweli, aliifungia kwenye droo, na walipokwisha fika bandarini akajipiga paji la uso: "Lahaula, kadi nimeisahau."

Halafu akafanya mazoezi. Alikuwa anajua, kwa miaka yake yote dirishani, kwamba mwongo hukamatwa pale anapofikiri. Kwa hiyo hakutaka kufikiri. Akinyoa ndevu, tatu mwezi wa pili. Akifunga kamba za viatu, tatu mwezi wa pili. Mwezi mzima.

Safari yenyewe ya watoto wadogo melini, mwache anayeisifu aisifu. Chumba kilikuwa na vitanda viwili vya watu wazima na viwili vya watoto, na sakafu ikawa haipo tena. Kwenda chooni uruke kama mbuzi. Kigari cha mtoto kilikwama kwenye ujia, kikazuia watu wa pande zote mbili. Tingatinga alibonyeza vitufe vyote vya lifti, akatupa kiatu kimoja baharini ili aone kama kitaelea, na bwawani akazuiwa kwa sababu bado anavaa nepi, akalia mpaka watu wakahama viti. Bwana Tarehe hayo yote aliyabeba bila kunung'unika. Lililomsumbua ni Bi Mdogo, kwa vile Bi Mdogo hakujua kusema uongo.

Siku ya kwanza kulikuwa na zoezi la dharura. Wakamvisha jaketi la kujiokolea la watoto wa miezi sita na kuendelea, akazama ndani, yakabaki macho. "Miezi sita huyu?" mfanyakazi akauliza. "Alizaliwa mdogo," akajibu Bwana Tarehe, mkewe yuko mbele anamvisha Tingatinga. Mezani walikaa karibu na mama mmoja mwenye mtoto wa miezi sita ya kweli, jibaba lililoketi lenyewe kwenye kiti kirefu likigonga kijiko. "Wako haketi bado?" yule mama akamuuliza, mke akiwa amekwenda kuchukua chakula. Bwana Tarehe akacheka. "Mvivu huyu. Kila kitu kachelewa."

Yule mama hakuwa na ubaya. Jioni akamvuta mke pembeni, akamwambia asivunjike moyo, watoto wengine huchelewa kuketi, ila ampeleke akatazamwe. Mke alimeza hasira, akaaga. Alipofika chumbani akambana mumewe. "Mwanangu amechelewa nini? Mtoto mdogo hivi anaketi wapi? Nani anasema maneno haya?"

"Achana nao," akasema Bwana Tarehe. "Watu wa melini wana maneno."

Aliponisimulia hapa aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua. "Nilimsingizia mtoto," aliniambia. "Hata mdomo wa kujitetea hana." Nikamsukumia chai.

Siku ya nne meli ilitia nanga, ukoo mzima ukashuka kwenda kutembelea bustani. Sherehe ya bibi ilikuwa kesho yake, keki imeshaagizwa. Bi Mdogo aliamka mchovu, hataki kunyonya, kwa hiyo baba akabaki naye ili mke apate kumfukuza Tingatinga kwenye maua ya watu. Saa sita mchana mtoto akawa moto. Saa sita na nusu akawa moto wa kutisha, na kilio chake kikawa chembamba, cha kukatika. Nitangulize kusema kwamba alipona, lilikuwa sikio, usije ukasoma roho ikiwa juu. Lakini baba mtu hakujua hilo. Alimfunga kwenye kanga, akashuka ngazi ghorofa nne kwa miguu kwa kuona lifti inachelewa.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, miwani inaning'inia kwa uzi, hana maneno mengi. Akampokea mtoto, akamlaza mezani, akatia kipimajoto kwapani.

"Ana umri gani?"

"Miezi sita na siku kumi na nne," akasema Bwana Tarehe. Lilitoka lenyewe.

Akampima kwenye mizani, akatazama, akapima tena. "Mdogo. Chanjo amepata zote za miezi sita?"

"Zote."

"Kadi yake?"

"Tumeisahau nyumbani."

Daktari akasikiliza kifua, akatazama koo na masikio, akafungua kabati. "Kwa miezi sita nampa hii, itashusha homa haraka," akasema huku akivuta dawa kwa kibomba cha plastiki. "Angekuwa chini ya hapo nisingempa hii, na ningetaka aende hospitali leo leo. Homa ya mtoto mchanga sana haichezewi."

Bwana Tarehe alisikia kila neno. Na anasema wazi, na ndiyo sehemu anayoirudia kila siku, kwamba hakusema kitu papo hapo. Aliwaza keki. Aliwaza kushushwa na mabegi mbele ya watu, na mama mkwe akisema "nilijua". Aliwaza pia kwamba labda dawa haina neno, kwamba mwezi mmoja ni nini, mwezi mmoja na siku chache. Alikuwa anaomba kusogezewa tarehe, yeye. Kibomba kikafika mdomoni, na Bi Mdogo, aliyekuwa analia, akakifungulia kinywa, kwa sababu mtoto wa umri ule hufungulia kinywa chochote anachopewa na mtu mzima.

"Subiri," akasema. "Hana miezi sita."

Daktari akasimamisha mkono. "Ana mingapi?"

"Minne. Inakwenda mitano. Cheti... kile cheti si cha kweli."

Daktari akaweka kibomba mezani. Hakupandisha sauti. Akavaa miwani, akavuta fomu mpya. "Kazaliwa lini, basi?"

"Tarehe tatu mwezi wa pili," akasema Bwana Tarehe.

"Hiyo ni ya kwenye cheti. Nataka ya kweli."

Akafungua mdomo. Mwezi wa tatu, hilo alilipata. Siku haikuja. Tisa? Ishirini na tisa? Alijaribu kuikumbuka siku yenyewe, alikuwa wapi, nani alimpigia simu. Kila alipoigusa ilikuja ile moja aliyoikariri akinyoa ndevu. Mwezi mzima alikuwa anaifukuza ya kweli ili isimchongee, na ilikuwa imekwenda. Wenzetu wakiaibika hutamani ardhi ipasuke iwameze. Yeye chini yake palikuwa na chuma, na chini ya chuma maji. Akasimama hapo na jasho lake, anasema, "Mwezi wa tatu, mwezi wa tatu," kama wale wanaume wa dirishani, na hapakuwa na mke wa kumgeukia.

Mtoto akaanza kulia tena. Bwana Tarehe akanyoosha mikono amchukue.

Daktari hakumpa. Alimwinua mtoto yeye mwenyewe, akamweka begani kwake, akarudi nyuma hatua moja mpaka mgongo ukagusa kabati. "Keti pale," akasema taratibu. "Namba ya simu ya mama yake nipe. Tutamngoja."

Hapo ndipo alipoelewa anavyoonekana: mwanaume aliyeshuka peke yake na mtoto mchanga, mwenye karatasi ya kughushi, asiyejua mtoto kazaliwa lini. Hakukasirika. Angekuwa yeye dirishani, angeita askari. Akaketi kwenye kiti kilichofungwa sakafuni kwa misumari, akamtazama mwanawe akibembelezwa na mgeni, mlango umefunguliwa wazi na muuguzi amesimama pale mlangoni, bila kusema kwa nini.

Ilipita nusu saa. Mke akaingia mbio, bila viatu, viatu mkononi. Nyuma yake mama mkwe na kofia ya bustani, amemshika Tingatinga. Mke akampita mumewe kitini. Alimpokea mtoto, akakaa naye sakafuni, na daktari alipouliza akajibu huku akimfungulia kanga: tarehe kumi na tisa mwezi wa tatu, siku ya Alhamisi, saa kumi na moja alfajiri, kilo mbili na gramu mia tisa, mvua ilikuwa inanyesha. Chanjo ya mwisho tarehe fulani, kituo fulani, paja la kushoto. Daktari anaandika, yeye anataja. Walipofika kwenye cheti daktari akamwonyesha nakala aliyotumiwa kutoka mapokezi. Mke akaisoma polepole, mpaka chini kwenye sahihi mbili. Yangu ilikuwa hapo pia, na nikifikiria macho yake yakipita juu ya jina langu hata leo masikio yanawaka.

Mama mkwe alikuwa na nafasi ya kusema aliyoingoja miaka. Badala yake alimgeuza Tingatinga, akamtazamisha ukutani, asimwone baba yake.

Ikabaki nafasi moja kwenye fomu. Daktari akaelekeza kalamu kwenye kile kiti, lakini uso wake ukabaki kwa mke.

"Na huyu aliyemleta," akauliza, "ni nani wa mtoto?"

Swali la kazi tu, ninyi mnajua fomu zilivyo. Mke alimtazama mumewe, kwa mara ya kwanza tangu aingie, kwa muda mrefu kuliko swali lilivyohitaji. Kisha akajibu kwa sauti ya mtu anayekiri kosa lake mwenyewe.

"Baba yake."