Nukta Mbili Juu ya Herufi

Mwaka 1997, katika hospitali moja ya misheni karibu na Kahama, Euphrasia ndiye karani pekee aliyejua kutumia kompyuta. Sista Mfaransa aliingiza humo majina ya wagonjwa wote, akarudi kwao. Mashine hiyo ilimvimbisha Euphrasia kichwa.

Jumatatu moja alifika mama mmoja kutoka Ushetu, mkulima wa tumbaku, akitetemeka kwa homa.

"Noela Mihayo," alijitaja. "Nililazwa hapa mwaka juzi. Kuna sindano ilitaka kuniua, mkaandika."

Euphrasia akaandika Noela, akatafuta. Hakuna. Akarudia. Hakuna.

"Hujawahi kulazwa hapa, mama."

"Nililazwa, mwanangu. Sista mwenyewe aliniandika."

"Mashine haisahau. Watu ndio husahau."

Foleni nzima ikacheka. Noela akainamisha kichwa, akapokea kadi mpya. Kule ndani muuguzi alipomuuliza kama kuna dawa inayomdhuru, alinyamaza. Angerudiaje neno lililokwisha kuchekwa? Akachomwa penisilini. Punde uso ukamvimba, pumzi ikakwama. Daktari Herman alimwokoa kwa shida.

"Hebu mtafute tena," daktari alimwambia Euphrasia.

Safari hii aliipitia orodha jina kwa jina. Chini kabisa ya majina yanayoanza na No, akamkuta: Noëla, e ikiwa na nukta mbili juu, kama wanavyoandika kwao sista. Kwa mashine, hiyo na e ya kawaida zilikuwa herufi mbili tofauti. Pembeni iliandikwa: asipewe penisilini.

"Kumbe ni mashine," daktari alisema.

Euphrasia alitamani liishie hapo. "Aliniambia," akasema taratibu. "Nikamfanya achekwe mbele ya watu."

Jioni alikwenda wodini, akapiga magoti kando ya kitanda.

"Shikamoo, mama. Jina lako lipo. Nisamehe."

"Marahaba." Noela alimtazama kwa macho yaliyovimba. "Nilikuwa nimeanza kuamini kwamba akili yangu imeharibika."



Mwezi uliofuata fundi alitoka Mwanza, akairekebisha kompyuta ili ukitafuta Noela, ikuletee na wenye nukta. Watu wakamsifu Euphrasia kwa kugundua kasoro. Kila aliposifiwa aliangalia chini. Noela mwenyewe hakurudi tena. Homa ikimshika, mumewe humpakia kwenye baiskeli, wakaipita hospitali hiyo mpaka zahanati ya mbali.