Siku Niliyopumua

Juzi, kwenye kituo cha tramu hapa Schaerbeek, ughaibuni, mbweha alitokea kati ya mifuko ya takataka, akasimama, akanitazama. Nikajikuta nimebana pumzi.

Alasiri moja nilipokuwa mtoto kwetu Katanga, mbweha mwingine alikuwa amerudi kunyemelea kuku wa mama. Papa, baba yangu, alilala kifudifudi kwenye nyasi kavu na bunduki yake, mimi ubavuni mwake. Alinuka tumbaku na mafuta ya bunduki. Alirusha nyasi kidogo juu kuona upepo unakoelekea, kisha akaninong'oneza: "Sikia, mutoto yangu. Risasi inafuata pumuzi. Ukipumua, inaenda pembeni."

Nilidhani ananionya mimi, kumbe alimaanisha mpigaji. Nikabana pua na mdomo mpaka masikio yakaanza kuvuma. Kisha pumzi ikanitoroka, na papo hapo bunduki ikalia. Vumbi lilitimka mbali na mbweha, naye akatokomea.

"Papa, pardon, nilipumua!" nilisema huku nikilia.

"Bon, si kitu," alijibu, akauficha mkono wake wa kulia mfukoni. Hakuwinda tena.

Kosa lile nililibeba miaka mingi. Sasa najua kwamba ugonjwa wa kutetemeka ulikuwa umeshaingia kwenye mkono ule. Siku hizi papa amelazwa hospitali hapa mjini, na daktari amesema hakuna dawa iliyobaki ya kujaribu. Mchana wakileta chakula, anang'ang'ania kushika kijiko mwenyewe. Mimi nakaa ubavuni mwake, nabana pumzi. Supu inamwagika vilevile.