Fifi na Ukuta wa Pisini

Siku ile ya mashindano ya kuogelea Lubumbashi tulikuwa hawa: mimi na binti yangu wa nne, Fifi, aliyekuwa angali mdogo wa mwili, Veronika, dada ya mume wangu, na sufuria yake ya bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, na Sista Anyesi, mkubwa wa shule ya bweni, aliyekaa kiti cha mbele cha watazamaji. Mume wangu, Baba Kasongo, mfanyakazi wa tanuru, alibaki kwetu Likasi. Kampuni ya madini ilikuwa imeacha kuwalipa, naye akaacha kutoka nje, hata kwa jirani. Mwalimu wa watoto, Metre Mukendi, hakuwapo pia. Ndiye aliyemfundisha Fifi kuogelea, kwa hiyo nianze kwake.

Mtaa wetu wa wafanyakazi ulikuwa na pisini, bwawa la kuogelea. Kampuni ilipoanza kuanguka, pampu zilisimama, tukabaki na maji ya mvua, ya kijani, yanayonuka vyura na majani yaliyooza. Watoto waliogelea hivyo hivyo. Lakini vigae vya ukutani vilikuwa vimebanduka, na kingo zake zilikata miguu kama wembe. Basi Metre Mukendi aliwakataza kuugusa ukuta. Wakiukaribia, wajikunje na kugeuka mbele yake. Alisimama ukingoni na mwanzi mrefu, akipiga maji: "Fifi, weye iko unatafuta vidonda? Geuka mbali!" Fifi akazoea, akageuka vizuri hata watu wazima walikuja kumtazama.

Mwaka ule walimu wa shule yetu walikuwa wameacha kuja, watoto wanashinda barabarani. Ndipo Sista Anyesi alipotangaza kwamba msichana atakayeshinda kuogelea kwenye michezo ya jimbo atachukuliwa bwenini mpaka amalize masomo. Nilimtaka Fifi apate nafasi ile kuliko nilivyotaka chakula. Metre Mukendi alinituliza: "Mama Fifi, kule pisini iko safi. Mambo ya kugusa ukuta, vile mashindano inataka, nitamufundisha tukifika."

Hatukufika naye. Kabla ya michezo, watu ambao babu zao walitoka jimbo la Kasai walifukuzwa kwetu. Yeye alizaliwa hapa hapa Likasi, lakini alipandishwa treni pamoja na mke wake Marselina. Alipita kutuaga, godoro kichwani. Kwa uchungu ule, nani angekumbuka ukuta?

Mashindano yalikuwa ya kwenda na kurudi. Fifi aliwaacha wenzake mapema. Mama mmoja wa Kolwezi alikuwa akimpigia kelele binti yake, Veronika akamwambia, "Mama, pumuzika. Huyu wetu amekomaa na vyura."

"Vyura haivalake medali," yule mama akajibu, nasi sote tukacheka.

Fifi alifika ukuta wa mbali, akajikunja, akageuka. Mwamuzi wa upande ule akainua mkono. Fifi alirudi wa kwanza, akatoka majini akitabasamu, kisha wakatangaza kwamba hahesabiwi kwa sababu hakugusa ukuta. Alinijia, maji yakimchuruzika.

"Mama, niliona ukuta iko safi. Lakini metre alikatala."

Sista Anyesi alinishika bega, akasema nafasi ni moja. Akaenda kumsalimu binti wa Kolwezi.

Sasa Fifi ni mama wa watoto watatu. Anaosha mawe ya madini kule Kambove, na mikono yake bado ni ya mwogeleaji. Ndani ya pisini yetu watu wamelima matembele. Wajukuu wangu wana simu, wanajua mambo ya dunia nzima, lakini maji yakifika magotini wanaita mama yao. Miaka ile tulikuwa na njaa, ila mtoto wa mfanyakazi wa tanuru alikuwa na mtu wa kusimama ukingoni na kumkemea.

Mimi nilikaa upande wa huku, mbali na ukuta ule, na haya nimeyaandika kwa macho ya mbali. Kama wewe ulisimama upande wa kule, na uliona kidole chake kikigusa, hata kidogo, uje uniambie. Nyumba yetu ni ile ile, na Fifi hurudi jioni.