Propela ya Inchi Nane: Kutoka Nyeri Hadi Bwawa la Masinga

Niliondoka Nyeri Jumamosi asubuhi kwenda kurekebisha kosa langu mwenyewe. Kaka yangu Wandera, ambaye huvua samaki katika bwawa la Masinga, alikuwa amenipigia simu katikati ya juma. Aliniambia kwa upole, na upole huo uliniuma kuliko kama angenifokea, kwamba mashua yake ikiwa na mzigo hushindwa kurudi nyumbani upepo wa alasiri unapoanza. Injini inanguruma, moshi mweusi unatoka, mashua haisogei. Mara mbili alilazimika kushika makasia, na bega lake la kulia, lililowahi kuvunjika, haliiwezi tena kazi hiyo.

"Mwisho wa mwezi nitaacha nafasi yangu katika kikundi," alisema. "Mashua apewe mwenye mabega."

Propela iliyokuwa kwenye injini ile niliichagua mimi.

Sisi ni watu wa Busia, lakini huu ni mwaka wangu wa kumi na nane nikifundisha fizikia Nyeri. Kikundi cha wavuvi cha Wandera kilipopata injini ya nguvu-farasi kumi na tano, aliniomba mimi, msomi wa familia, nimtafutie propela inayofaa. Propela, yale mabawa yanayozunguka majini kuisukuma mashua, ina vipimo viwili. Cha kwanza ni upana wake. Cha pili ni mwinamo wa mabawa yake, ambao huhesabiwa kwa inchi: ni umbali ambao propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja, kama skrubu inavyozama katika ubao laini. Nilichagua mwinamo wa inchi kumi na moja kwa sababu hesabu zangu ziliahidi kasi. Siku ya kuijaribu, mashua iliruka juu ya maji, watu wakapiga makofi, nami nikarudi Nyeri nimevimba kichwa.

Saa mbili asubuhi nilikuwa Karatina, ambako nilishuka kumnunulia wifi yangu viazi. Sokoni nilisikia sauti nyuma yangu: "Mama, toka kwa njia! Nikisimama siwezi anza tena!" Alikuwa mwanamume anayevuta mkokoteni wa kabichi kuupanda mwinuko. Nilijibanza kando. Hatua zake zilikuwa fupi mno na za haraka, karibu kukanyagana. Mwenzake aliyekuwa akishuka na mkokoteni mtupu alitupa hatua ndefu, huku akipiga mluzi. Nilisimama pale na viazi vyangu mkononi kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, nikianza kushuku ni wapi nilikosea.

Saa nne nilifika Sagana. Karibu na mto, fundi aitwaye Muriuki hutengeneza pampu za maji na injini za mashua. Nilimweleza shida yangu naye akanisikiliza huku akifuta mikono kwa kitambaa.

"Na hiyo siku mlijaribu, mashua ilikuwa na nini ndani?"

"Haikuwa na kitu. Walitoa nyavu, sanduku la barafu, hata ndoo."

"Mbona walitoa?"

"Kwa sababu mimi nilikuwa mgeni."

"Haiya! Kwani huyu kaka yako anavua wageni?"

Alicheka hadi akaketi juu ya tairi. Nami nilicheka, ingawa masikio yalikuwa yakiniwaka moto. Kwetu mgeni hapakizwi pamoja na nyavu mbichi. Mashua huoshwa, kiti cha plastiki huwekwa katikati, mgeni akatembezwa. Walinipa heshima, nami nikaipima heshima hiyo nikidhani nimepima mashua.

"Hiyo kumi na moja na mzigo ni kama kupanda mlima na gia ya nne," Muriuki alisema. Aliniazima propela mbili, moja ya inchi tisa na nyingine ya inchi nane, pamoja na kifaa kidogo ambacho waya wake hufungwa kwenye waya wa plagi ili kisome mizunguko ya injini kwa dakika. "Hiyo injini inataka elfu tano mpaka elfu tano mia tano, ukizungusha gesi mpaka mwisho. Ikikosa kufika, weka ya inchi kidogo. Ikipita, weka ya inchi mingi. Na Mwalimu, usikubali wakutolee mzigo!"

Kutoka Sagana barabara hushuka, hewa ikazidi kuwa nzito na kijani cha mlimani kikabaki nyuma. Saa nane mchana nilifika Masinga. Wandera alikuwa ufukoni, mkono wa kulia ameushikilia tumboni. Mashua ilikuwa imeoshwa ikang'aa. Katikati yake palikuwa na kiti cha plastiki.

"Kaka, rudisha kila kitu," nilisema.

"Kitu gani?"

"Nyavu, barafu, wavuvi wako wawili, na samaki wa asubuhi kama bado wapo. Kiti ndicho kitoke."

Wifi yangu alishika kiuno. "Utakaa wapi na sketi hiyo ya ofisini?"

"Juu ya nyavu."

"Mwalimu ameharibika," Wandera aliwaambia wenzake, lakini alianza kupakia kwa mkono wa kushoto.

Tulianza na propela ya zamani, ili tujue ubaya wenyewe. Kifaa kilisoma elfu nne na mia mbili, na moshi ukatufunika. Tulirudi ufukoni, wakachomoa pini, wakafungua nati na kufunga ya inchi tisa. Elfu nne na mia nane. Ilikuwa nafuu, lakini haikutosha. Upepo ulikuwa umeanza, mawimbi yakipiga ubavu wa mashua na kunimwagia maji mapajani. Tulirudi tena ufukoni, wakafunga ya inchi nane. Wandera aliyatazama makasia yaliyolala miguuni pake, kisha akafungua gesi yote.

Sauti ya injini ilibadilika, ikaacha kukoroma na kuanza kuimba. Pua ya mashua iliinuka kidogo, ikatulia, tukaukata upepo ule kwa mzigo wetu wote. Nilisoma kwa sauti: "Elfu tano na mia mbili!"

"Soma tena," alisema Wandera.

Nilisoma tena.

Tulipoijaribu tupu, ilifika elfu tano na mia tano, pale pale mpakani, na haikuruka kama siku ile ya makofi. Wandera hakujali. Alikwenda kando akapiga simu, nami nikamsikia: "Mwenyekiti, lile jambo la nafasi yangu... Hapana, bega ni lile lile. Lakini usimpe mtu. Nafasi ina mwenyewe."

Jumapili nilimrudishia Muriuki kifaa chake na propela ya inchi tisa, nikamlipa ile ya inchi nane. Alinusa hewa. "Ulikalia nyavu. Vizuri."

Karatina, muuza viazi aliiona propela ya zamani ikichungulia mkobani mwangu. "Mama, hiyo ni ya mashine ya kukata nyasi ya ng'ombe?"

"Ni ya mashua."

"Ati mashua? Nyeri?" Aliniongezea viazi viwili, nadhani kwa huruma.

Nimerudi nikijua kwamba wanaotuheshimu hutuondolea mzigo njiani kabla hatujafika, nasi tusipouliza, tutapima kilichobaki na kukiita ukweli. Sasa propela ya inchi kumi na moja iko juu ya meza ya maabara. Sketi nimeifua mara mbili na bado inanuka samaki. Ijumaa alasiri, nilipokuwa nikisahihisha madaftari, Wandera alinitumia ujumbe: "Tumefika. Upepo ulikuwepo. Makasia ni makavu."