Kesho Kutwa ya Nabututu

Mtazame anavyoingia soko la Kibuye, mwaka ule wa sitini na nane: mwanamke mrefu, karai la udongo wa kichuguu kichwani, majivu na chumvi amevifunga kiunoni. Huyo ndiye Nabututu, mjane kutoka upande wa Busia, na mkono wake wa kulia ndio uliokuwa shamba lake. Jiko la kuni likivuja moshi pale linapoungana na bomba lake, huitwa yeye. Atakanda, ataziba, atalainisha kwa kidole gumba hata udhani ni chuma kimoja.

Siku hiyo alimzibia Laban, mwenye hoteli. Akanawa, akamwambia, "Baba, udongo ukauke kwanza. Moto ni kesho kutwa."

"Nimesikia, Mama. Kesho, kutwa."

Basi Laban, ambaye Kiswahili alikikuta ukubwani, akafanya alivyosikia. Kesho yake akawasha jiko alfajiri, akalilisha magogo mchana kutwa. Udongo mbichi ukapasuka. Moshi ukajaa jikoni, mkewe Dorca akaburutwa nje kama maiti.

Laban hakuuliza mtu. Alimkuta Nabututu mtaani Nyalenda, kwenye foleni ya wanawake wa mfereji, akichota maji. Mkononi Laban ana chuma cha kuchochea moto.

"Jajuok! Mchawi wewe! Umeziba jiko ama umemzika mke wangu?"

"Baba, ngoja..."

Chuma kikashuka. Alikinga kwa mkono wa kulia, mfupa ukalia kama ukuni mkavu. Kikashuka tena, begani. Akaanguka matopeni, na Laban akavikanyaga vidole vyake kwa kisigino. Wanawake wa foleni wakamrukia Laban na madebe, wakampasua kichwa. Damu imemwingia machoni, bado anapiga hewa.

"Nilikwambia kesho kutwa!" Nabututu alilia.

"Si niliwasha kutwa! Asubuhi mpaka jioni!"

Kisha mama mmoja akacheka, kicheko kibaya. "Woi! Kesho kutwa ni siku inayofuata kesho, bure wewe!"

Chuma kikamdondoka Laban.

Dorca alipona. Vidole vya Nabututu viliunga vibaya, vikajikunja kama mizizi. Jiko la Laban likaendelea kuvuja, kila fundi akalishindwa. Asubuhi moja Dorca akabisha kwa Nabututu, anakohoa, amebeba karai la udongo wa kichuguu.

"Dada, akili yako, mikono yangu. Nifundishe."

Nyuma yake, barabarani, Laban amesimama, kofia kifuani, hathubutu kusogea.

Nabututu akalitazama lile karai. Mtungi wa maji ulikuwa hapo hapo, karibu na mkono wake wa kushoto. Nawe unayesoma, ungeutia maji udongo ule?