Kasoro za Pikapu ya Mdogo Wangu

Mdogo wangu ana pikapu kubwa ya dizeli anayobebea mananasi kutoka Fukayosi, na kinachoniuma zaidi ni jinsi anavyoilalamikia. Jumamosi moja nilimkuta gereji, Bagamoyo, na wenye magari wenzake wakieleza wangependa viwanda viboreshe nini. Mmoja alitaka springi za nyuma ziwe ngumu tangu kiwandani, asilazimike kuziongeza mwenyewe. Mwingine alitaka filta inayochuja vizuri maji ya kwenye dizeli. Mdogo wangu alitaka mlango wa bodi ushuke taratibu, usimwangukie mkononi.

Niliwasikiliza kwa wivu. Nina shahada, sina gari, wala haki ya kulalamika. Nikajiuliza kama ukimya wangu unaonekana, kisha kama wanajua kwamba najiuliza.

"Na wewe, kaka msomi, ungeongeza nini?" mdogo wangu aliniuliza.

"Kiti," nikasema. "Mbele mnakaa wewe na mama. Mimi nyuma, na pikapu ikiwa tupu inanirusha kama gunia."

"Msomi anataka daraja la kwanza!" mmoja akapiga kelele, wakacheka.

Mdogo wangu hakucheka. Alimgeukia fundi. "Mchomelee kaka yangu benchi hapo nyuma."

Nilishukuru. Jioni tulimpitia mama sokoni, akakaa mbele kama kawaida. Nikiwa kwenye benchi, kupitia kioo cha nyuma nilimwona akimpangusa mdogo wangu jasho kwa ncha ya kanga. Benchi lilikuwa imara kabisa. Nililitafutia kasoro hadi nyumbani.